Mikono ya Mkwe

Kwetu mkwe hamgusi mkwewe. Mama na mume wa binti yake wakikutana njiani, mmoja huingia porini mwenzake apite. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na salamu hupitia kwa mtu wa tatu. Vijana wanasema huo ni ushamba. Mimi nawaambia waende wakakae na mama wakwe zao nyumba moja mwezi mzima, kisha waje tuzungumze habari za ushamba. Miaka yote niliona ni desturi nzuri, tena imeokoa ndoa nyingi kuliko mahubiri. Mwaka wa tisini na sita ndio niliichukia, na nilikuwa na sababu.

Naitwa Anastazia, wa Sepuka. Ukiacha jembe, kazi yangu ni kukanda watu. Nakanda wanawake waliotoka kujifungua, waliotegua viungo, wazee wanaoumwa na baridi, na wale ambao hospitali haioni ugonjwa ila wenyewe hawalali. Hao wa mwisho ndio wagumu. Majirani huwasemea majini, husema wamerogwa, na kila mtu ana mganga wake wa kumpendekeza. Mimi naamini vidole vyangu. Hofu ni nyama iliyosahau kulegea. Mtu ameshtuka, mwili ukajikunja ili ujikinge, lile jambo likapita, lakini mwili haukuambiwa kwamba limepita. Unabaki umejikunja. Kazi yangu ni kuushika polepole mpaka uamini, na ukiamini, mtu hulala palepale kwenye mkeka na kukoroma bila aibu.

Marehemu mama yangu ndiye aliyenifundisha, na aliniachia sharti moja. Ukimaliza kumkanda mtu wa hofu, usiguse chochote chenye uhai kabla hujalaza viganja juu ya udongo ukavuta pumzi saba. Sikumuuliza kwa nini. Nililishika sharti hilo kama mtu anavyonawa baada ya kuchuna mbuzi, nikaona ni usafi tu.

Mwezi wa saba nikapata barua ya binti yangu Ritha kutoka Itigi, imeletwa na dereva wa lori lililokuja kununua alizeti. Siku hizo malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuingia mpaka uani kwa mtu. Kila mwenye gari alikuwa mnunuzi, na kila mwenye duka alikuwa tajiri mtarajiwa. Soko huria lilikuwa limefika. Lilikuwa limefika Itigi pia, ila kwa mkwe wangu Gasto lilikuja na karatasi. Alikuwa mtu wa genge la reli, wale wanaotembea njiani na nyundo na sururu, wanakaza mataruma na kusawazisha kokoto. Miaka kumi na moja. Wakawapunguza, wakampa kiinua mgongo, na tangu siku hiyo mgongo ukainama.

Ritha aliandika hivi: "Mama, baba Selina hafumbui mikono. Amekunja ngumi huu mwezi wa pili. Namlisha mimi kama mtoto. Anasema kuna treni inakuja. Anasema sasa iko Tura. Mchana anatoka anakwenda kusimama karibu na reli na mimi namfuata na mtoto mgongoni. Naogopa siku moja sitamfuata. Njoo umkande."

Niliisoma mara mbili, nikakasirika. Nimkande vipi? Binti niliyemlea mwenyewe, anayejua mila kama anavyojua jina lake, ananiita nikamshike mkwe wangu mgongo! Lakini hasira haikunizuia kufunga nguo zangu. Nikachukua chupa ya samli, nikapanda lori lilelile.

Nyumba waliyopanga ilikuwa na vyumba viwili na sakafu ya saruji, fahari ya Ritha. Nilipofika, kama adabu inavyotaka, Gasto aliingia chumbani na mimi nikakaa sebuleni, na mlangoni Ritha akatundika kanga kuukuu. Sauti ikatoka nyuma ya ile kanga.

"Mwambie mama shikamoo."

"Mama, baba Selina anakusalimu, shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize anaendeleaje."

Kisha ile sauti ikasema, polepole, kama mtu anayesikiliza kitu huku anaongea: "Mwambie mama imeshatoka Tura. Iko Kazikazi."

Nilicheka. Nakiri nilicheka, maana mimi ni mtu wa kucheka kwanza na kujuta baadaye. Nikamwambia Ritha amwambie mumewe kwamba hakuna treni duniani inayotumia siku zote hizo kutoka stesheni ya Tura mpaka ya Kazikazi, njiani kuna nini? Gasto hakuudhika. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu mwenye akili zake timamu, na hilo ndilo lililonitia ubaridi. Alisema watu wa genge hawangoji kusikia honi. Wanainama, wanalaza kiganja juu ya chuma, na kiganja kinawaambia treni iko umbali gani, ni ya abiria au ya mizigo, na kama ni kiberenge tu. Yeye alikuwa hodari kuliko wote, na mnyapara wao alimtegemea yeye kuwapigia kelele wenzake watoke njiani. Siku aliyopewa karatasi alirudi nyumbani, akakaa kitandani, na viganja vikaendelea kusikia. Hapakuwa na chuma chini yake, lakini vilisikia.

"Mwambie mama si ya abiria, wala si ya mizigo. Nazijua zote kwa uzito. Hii siijui. Inatembea halafu inasimama, inatembea halafu inasimama. Nimefumba mikono nisisikie, na bado nasikia."

Nilimwona mara moja tu siku hiyo, kwa bahati mbaya, wakati upepo ulipoipeperusha kanga. Nikageuza uso haraka, lakini jicho la mkandaji haliombi ruhusa. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Taya limekazwa. Pumzi inaishia kooni, haishuki tumboni kabisa. Na zile ngumi zimelala mapajani, kucha zimezama nyamani. Nimewakanda watu wengi, sijapata kuona mwili uliokaza vile wa mtu aliye hai.

Hospitali walikwisha kwenda. Daktari alimpima moyo, akampima damu, akasema hana ugonjwa, akampa vidonge vya usingizi. Gasto alilala usingizi wa vidonge na ngumi zake akiwa amezifumba. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, na mimi mila ilinifunga mikono.

Asubuhi ya pili nikapata ufumbuzi, na nilijiona mjanja sana. Ritha angetumia mikono, mimi ningetumia mdomo. Nilimkalisha binti yangu, nikamfundisha juu ya mguu wangu mwenyewe namna ya kubonyeza bila kuumiza, namna ya kungoja. Nikaagiza karai, nikalijaza udongo wa uani kwa sababu ya ile sakafu yake ya fahari, nikaliweka chumbani pembeni ya mlango.

"Ukimaliza, kabla ya yote, viganja humu. Pumzi saba. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Kabla ya yote."

"Mama, mimi si mtoto."

Tulianza baada ya saa nne, jua limekwisha kuwa kali na upepo wa kipupwe unapiga mabati. Mtoto Selina, wa miezi mitano, alikuwa amelala kwenye kikapu humo chumbani, maana Ritha hakutaka awe mbali. Mimi nilikaa sebuleni, mgongo nimeegemeza ukutani, uso nimeuelekeza kwenye kanga, macho nimeyafumba. Sikutaka kuona. Mkandaji hufanya kazi kwa masikio pia, na nilikuwa naisikia pumzi ya Gasto, fupi fupi, kama ya mbwa kwenye joto.

"Anza na nyayo," nilimwambia. "Usianze palipoumia hata siku moja. Mwili wenye hofu ukiufuata pale unapouma unajifunga zaidi. Uanzie mbali."

Nikasikia samli ikisuguliwa viganjani.

"Usisugue kama unafua. Bonyeza, ngoja. Akivuta pumzi, ngoja. Akiitoa, ndipo uzame. Yeye ndiye anayekufungulia mlango, wewe usivunje."

Tulipanda hivyo. Nyayo, vifundo, mashavu ya miguu. Tukakaa sana kiunoni, kisha kando ya uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine. Chini ya bapa la bega Ritha akasimama.

"Mama, kuna kitu kinakimbia."

"Kitu gani?"

"Kama fundo. Nikilibonyeza linahama."

"Usilikimbize. Weka kiganja kizima juu yake, ulipashe joto. Limechoka kukimbia kuliko wewe."

Halafu pumzi ya Gasto ikakatika, ikaguna, ikarudi ndefu kuliko mwanzo. Nilitabasamu peke yangu kule sebuleni. Hakuna furaha inayoshinda ile, pale mwili wa mtu unapokuamini, hata kama umekuamini kupitia ukutani. Shingo, kisogo, taya. Alipobonyezwa chini ya masikio, yule mwanamume mzima akaanza kulia, kilio kidogo kisicho na maneno, na nikamwambia Ritha asimnyamazishe.

"Sasa mikono," nilisema. "Usifungue ngumi. Kanda kifundo cha mkono, kanda mgongo wa kiganja. Itafunguka yenyewe."

Nilikuwa nimeweka kikombe cha bati sakafuni karibu na goti langu. Wakati Ritha anaanza mkono wa kwanza, kile kikombe kilianza kulia. Kilikuwa kinagonga saruji, taratibu, kama kinaguswa na kucha. Nikaweka mkono wangu sakafuni. Sakafu ilikuwa inatetemeka. Nikajiambia ni treni ya mizigo, na nikangoja kusikia honi, lakini nje palikuwa na upepo tu na jogoo wa jirani.

"Mwambie mama," Gasto alisema kwa sauti ya mtu anayezama usingizini, "imetoka Kazikazi. Iko Kitaraka."

"Mwambie anyamaze," nilisema. Kitaraka ndiyo stesheni ya mwisho kabla ya Itigi. Nilianza kuogopa, na sikutaka Ritha alijue hilo. "Endelea."

Nilisikia Ritha akishusha pumzi. Akaninong'oneza kupitia kanga kwamba mkono wa kulia umefunguka. Muda kidogo, wa kushoto. Kikombe kikatulia. Na Gasto akaanza kukoroma, mkoromo mzito wa mtu ambaye hajalala miezi miwili, na ningeweza kupiga vigelegele.

Hapo ndipo mtoto alipolia. Nikasikia hatua za Ritha. Nikafungua mdomo kusema udongo kwanza, na kabla sijasema, kilio kikakatika. Hakikufifia kama cha mtoto aliyepewa ziwa. Kilikatika palepale katikati.

"Ritha! Viganja!"

Kwa desturi zetu ilinipasa kukaa pale nilipo, kwa sababu nyuma ya kanga palikuwa na mkwe wangu amelala kifua wazi. Na nilikaa. Nilikaa pale na heshima zangu, nikihesabu pumzi, mpaka Ritha alipotoka mwenyewe na mtoto mikononi. Macho yake yalikuwa makubwa.

"Nilisahau, mama. Alilia, maziwa yakatoka, nikamchukua tu."

Nilimpita, nikaingiza mkono chini ya kanga na kulivuta lile karai. Udongo ulikuwa laini, umelala kama nilivyousawazisha, hauna alama ya kidole hata kimoja. Nikamtazama mjukuu wangu. Vidole vyake vimejikunja vyote, vile vingumi vidogo vimekazwa mpaka vimekuwa vyeupe, na uso ameuelekeza ukutani, upande wa magharibi, upande wa Kitaraka.

Gasto alilala mchana ule, akalala usiku kucha, akaamka kesho yake akaomba ugali na akala mwenyewe kwa mkono wake. Nilimsikia akicheka. Aliondoka kwenda kuomba kazi kwenye mashine mpya ya kukamua alizeti iliyokuwa karibu na stesheni, na wakampa siku hiyohiyo, kubeba magunia. Ritha alikuwa analia. Alilia kwa furaha upande mmoja na kwa hofu upande wa pili, na mimi niliikasirikia nafsi yangu na mila zangu na ile kanga. Maana Selina hakunyonya. Asubuhi hakunyonya, adhuhuri hakunyonya, jioni hakunyonya. Alikuwa mkavu kama kuni. Ukimbeba hajikunji kwako, unabeba ubao. Hakulia pia. Alitazama magharibi tu, bila kupepesa, na kila mara vile vingumi vilitetemeka kidogo.

Hatukumwambia baba yake. Ritha aliomba tusimwambie, na nilikubali. Tungemwambia nini? Kwamba amepona na mzigo ameubeba mwanawe? Angezifumba tena zile ngumi na safari hii zisingefunguka.

Siku ya tatu tangu Gasto akandwe, alipokwisha kwenda kazini, nilimlaza mtoto mapajani. Huyu hakuwa na mila ya kunizuia. Midomo yake ilikuwa imeanza kukauka na utosi umebonyea, na mwanamke yeyote aliyelea anajua maana yake. Nilijua kwamba sina siku nyingine.

Mtoto hakandwi kwa vidole. Unatumia kiganja na joto lake, na unaimba chochote. Nilianzia kwenye zile nyayo ndogo. Nikaona kwamba hayo ni maji ya kina kirefu kwa kiumbe mdogo hivyo, mwili ule haukujua hata kwamba unaogopa, ulijua kukaza tu. Nilipofika kifuani nikahisi lile fundo. Likakimbia, nikaliwekea kiganja. Likapanda begani, likashuka mkononi. Nikavishika vile vingumi viwili ndani ya mikono yangu, nikavifunika, nikaimba, nikangoja. Vikafunguka. Vilifunguka kama ua la alizeti asubuhi, na mtoto akanitazama mimi, akavuta pumzi mpaka tumboni, akapiga ukelele wa njaa ambao nyumba nzima ilikuwa inaungoja.

"Mchukue," nilimwambia Ritha. "Mchukue, usiniguse mimi."

Akanyonya. Nilisikia akimeza, na machozi yakanitoka. Kisha nikasikia kile kingine.

Kilikuwa viganjani. Siwezi kusema kilikuwa maumivu. Ukiweka mkono juu ya mlango na nyuma ya mlango kuna mtu mzito anatembea kuja kwako, utasikia nilichosikia. Nikalaza viganja kwenye karai, pumzi saba. Hakikushuka. Nikatoka nikalaza viganja uani, pumzi saba, tena saba. Nikaenda kwenye ua wa minyaa, chini ya kivuli, kwenye udongo mbichi. Udongo haukupokea. Na vidole vyangu vikaanza kujikunja vyenyewe, kidole kimoja kimoja, huku navitazama kama vya mtu mwingine.

Hapo nilikosea. Nilijiambia kwamba hiki kitu kilitoka kwenye chuma, basi chuma ndicho kitakachokipokea. Sikumwuliza mtu. Nilivuka vichaka nikaenda kwenye reli, mwendo wa dakika kumi, magharibi ya stesheni. Jua lilikuwa la utosini, hapakuwa na mtu ila mbuzi. Nikapiga magoti kwenye kokoto, nikalaza viganja juu ya reli. Vidole vikajikunja kuikumbatia ile reli, vikafunga. Nikavuta. Havikutoka.

Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Nilivitukana. Nilimwita Ritha, na nadhani alikuwa ameshanifuata, maana nilisikia sauti yake mbali ikipiga kelele, kisha nikasikia miguu yake ikikimbia kwenda upande wa mashine. Chuma kilikuwa kinatetemeka chini ya mikono yangu, na sasa nilielewa kila alichosema Gasto. Haikuwa ya abiria, haikuwa ya mizigo. Ilikuwa imetoka Kitaraka, na haikuwa inasimama tena.

Gasto alikuja anakimbia, maganda ya alizeti kichwani na mabegani. Alipofika hatua kumi hivi, akasimama na kuangalia chini, mikono nyuma, kama adabu inavyotaka. Mimi kanga ilikuwa imenianguka kichwani na sikuwa na mkono wa kuiokota. Nikasema naye. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mkwe wangu neno la moja kwa moja.

"Usinisogelee. Ondoka njiani."

Hakuondoka. Alipiga magoti mbele yangu, kati ya zile reli mbili, uso kwangu na mgongo magharibi, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu.

"Unisamehe, mama," alisema. Akaanza kukanda.

Mikono yake ilikuwa ya moto, imelowa mafuta ya mashine yao. Alikanda vifundo, alikanda migongo ya viganja, hakuvuta kidole hata kimoja. Alikuwa anajua. Mtu aliyekandwa vizuri hujua kukanda, mwili wake unakumbuka. Lakini alikuwa anatetemeka, na kutetemeka kwake kulikuwa kunaingia kwangu, na kwangu kunaingia kwake, na nilihisi vidole vyake navyo vinaanza kujikunja juu ya vyangu.

Juu ya bega lake niliiona njia. Pale Itigi reli imenyooka kuelekea Kitaraka mpaka jicho linachoka. Majani ya pande zote mbili yalikuwa yamelala, na upepo ulikuwa umetulia. Kokoto zilikuwa zinarukaruka. Na kule mbali, reli ilikuwa inapungua. Sina namna nyingine ya kusema. Sikuona gari, sikuona moshi, sikuona umbo. Niliona mahali ambapo njia iliishia, mahali ambapo haikupaswa kuishia, na mwisho ule ulikuwa unasogea. Ulifika kwenye mti, na baada ya hapo mti haukuwa na njia nyuma yake. Ulifika kwenye daraja dogo. Ulifika kwenye nguzo.

Gasto hakugeuka. Mtu aliyeingoja miezi miwili, aliyekuwa akitoka kila mchana kuitazama, sasa alikuwa ameipa mgongo ili atazame mikono yangu. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

"Mama," aliniuliza, "bado?"

Ilikuwa nyuma yake. Kama angenyoosha mkono wake nyuma angeigusa. Nilihisi ubaridi wake usoni kwangu, mchana wa jua kali, na kokoto zilikuwa zimeacha kuruka, zimetulia zote kwa pamoja. Nilijua nikimwambia kweli atageuka, na akigeuka mikono yake itafunga juu ya yangu na hakuna atakayetufungua wote wawili.

"Imepita," nilisema.

"Imepita?"

"Imepita, mwanangu. Iko Aghondi huko, mashariki."

Aliniamini. Alishusha pumzi. Nimesikia pumzi nyingi za watu, lakini ile sijaisahau. Ilitoka tumboni, ndefu, ikaisha yote, na mabega yake yakaanguka mahali pake. Na ile pumzi ikaja kwangu kupitia vidole gumba vyake. Sikujua kabla ya siku hiyo kwamba utulivu nao hupita mikononi kama hofu, tena hata kama umejengwa juu ya uongo. Vidole vyangu vikafunguka kimoja baada ya kingine. Nilipotazama tena, njia ilikuwa imenyooka mpaka Kitaraka, na mbuzi walikuwa wanavuka.

Tulikaa pale kwenye kokoto tumeshikana mikono mpaka Ritha alipofika. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuachia. Nilimpenda sana yule kijana saa ile, nilimpenda kama wa kumzaa.

Wazee wa kwetu walituita, wakatutoza mbuzi kwa kuvunja heshima ya ukwe, na tuliwapa. Selina sasa ni msichana mkubwa, anakula kama mashine ya kusaga. Gasto huwasimulia watu mkasa wake bila kuficha, ila kila akifika mwisho hujishusha. Husema yeye hakufanya lolote la maana siku ile, kwamba alifika na ile treni ilikuwa imeshapita zamani, akamkuta mama amepigwa na butwaa tu. Watu wakinigeukia kuniuliza, mimi huitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nataka alale.